Kulichunguza Duka Kama Mkwe

Idodi,
4 Machi 2025

Shangazi,

Kamwene. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mjomba Isakwisa. Sisi huku hatujambo. Mvua zilichelewa lakini mpunga umeshika, yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, na mama bado anapigana na goti lake la kushoto.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka miwili. Ningepiga simu, ila nimesikia masikio yako sasa hayapokei simu kabisa. Basi nimerudi kwenye karatasi, na kondakta wa basi la Mbeya ni mtu ninayemfahamu.

Mambo ya Edmund sitaki kuyafungua. Wewe ndiye uliyetumwa kwao kabla ya posa, ukarudi ukasema ni watu wazuri, nikaolewa, na mengine unayajua. Naligusa jambo moja tu. Alipoondoka aliondoka na kamera yangu, na tangu hapo napiga harusi na vipaimara kwa kamera ya kuazima ya usharika, ambayo mlango wa betri umefungwa kwa plasta.

Sasa sikiliza. Kambi moja ya watalii, njia ya kwenda Ruaha, wanataka mpiga picha wa kwao. Nitapanda gari na wageni alfajiri, nitapiga wanyama na nitawapiga wao wakishangaa wanyama, jioni picha zinaoneshwa ukutani. Mkataba wa miezi sita unaanza tarehe moja Julai. Sharti ni moja: niwe na kamera yangu mwenyewe yenye lenzi ndefu. Nisipofika nayo siku hiyo, watamchukua mtu wa Arusha. Shangazi, tangu niambiwe hivyo silali vizuri, na si kwa wasiwasi. Ni furaha.

Iringa mjini hakuna lenzi ya aina hiyo. Nimepata duka moja mtandaoni, lina wafuasi elfu arobaini na bei zake ni nusu ya wengine. Anwani yao wameandika Iyunga, kando ya barabara kuu. Toka hapo kwako Ilomba si mbali. Nakuomba upite tu, uone kama duka lipo.

Ni mimi,
Verediana Kalinga

*

Ilomba, Mbeya,
17 Machi 2025

Vere mwanangu,

Kamwene, kamwene sana. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, ugali ukaungua, mjomba wako akala mkate na hakulalamika alipoona ni mwandiko wa nani. Yeye ni mzima, amejifungia na kuku wake. Baridi imeanza kunusa mlangoni. Masikio yangu ni kweli yamekwisha, lakini macho yapo, tena ya ziada.

Umeandika kuwa mama yako anapigana na goti. Hukuandika kuwa ananisalimu. Nimeelewa, na sitauliza.

Nimekwenda Iyunga. Dukani sikwenda, maana nani anamchunguza mkwe kwa kugonga mlango wa mkwe mwenyewe? Ukifika kwao watakupa kiti, watakupa kuku, na kila mtu atakuwa na adabu siku hiyo. Unaanza kwa majirani. Nilianza kwa fundi baiskeli, nikaenda kwa mama muuza ndizi, nikanunua ndizi ambazo sizihitaji. Nikawaandikia swali kwenye daftari, wakanijibu kwenye daftari. Hakuna aliyewahi kuona kamera mtaa ule. Jengo walilolitaja hao watu wako ni stoo ya pumba za kuku. Mwenye stoo alipoona karatasi yangu alicheka mpaka akakaa, akaniandikia: "Mama, wewe ni wa nne tangu Krismasi." Mmoja alitoka Tukuyu na begi tupu la kubebea kamera yake.

Yule wa Tukuyu amenitia huruma. Hata hivyo, nilirudi nyumbani natembea mbio kama msichana. Mtu akishaacha kazi yake anadhani mikono imesahau, kumbe haijasahau.

Kwa hiyo hao tumewaacha. Niletee majina mengine, matatu au manne, na uniandikie kila unachokiona kwenye kurasa zao. Mimi sitafuti bei. Mimi nataka kujua ukoo.

Swali moja unijibu kwa kalamu: umeshawatumia hao wa Iyunga chochote?

Shangazi yako,
Tekla

*

Idodi,
6 Aprili 2025

Shangazi,

Kamwene. Huku Pasaka inakaribia, kwaya wanafanya mazoezi mpaka mbwa wamejua sauti ya tatu. Mama maumivu ya goti yamepungua kidogo. Mapacha wa mbuzi wanaruka juu ya kila kitu.

Nilicheka peke yangu kwa habari ya pumba. Nimekaa siku nne juu ya kichuguu cha nyuma ya shule, ndiko mtandao unakopatikana, na nimeyachunguza maduka kama ulivyoniagiza. Nimebakiza matatu, yote ya Dar es Salaam.

La kwanza lina picha nzuri mno. Kila kamera imepigwa juu ya kitambaa cheupe. Mama alisema zinafanana na picha za kwenye kalenda, nikatafuta, nikakuta kweli ni picha za watengenezaji wenyewe. Hawajawahi kupiga hata moja kwa mkono wao. Duka la kamera lisilopiga picha, shangazi.

La pili lina sifa nyingi za wateja. Nilizisoma zote. Thelathini na moja zimeandikwa siku moja, na zote zinasema "mzigo umefika salama Mungu awabariki." Hakuna mmoja aliyetaja alinunua nini. Mtu aliyepata lenzi yake ya kwanza angenyamaza kuhusu lenzi? Mimi ningeandika ukurasa mzima.

La tatu ni la mtu mmoja anaitwa Benjamini. Anauza vya mtumba, ukurasa wake ni mbaya, herufi zimepinda. Lakini kila kamera ameipiga picha mwenyewe, pamoja na michubuko yake, na chini kuna watu wawili wanamlalamikia kwa hasira, naye amewajibu bila kufuta. Sijui kama hilo ni zuri au baya. Wewe utajua.

Kuhusu wale wa Iyunga, hilo limekwisha, tusilizungumzie.

Meneja wa kambi ameniuliza tena. Nimemwambia kamera iko njiani. Nimesema uongo, lakini ulinitoka kwa furaha.

Verediana

*

Ilomba,
9 Mei 2025

Vere,

Kamwene. Barua yako ililala ofisi ya basi pale Iringa wiki mbili na nusu, maana kondakta wako alikwenda likizo akaiacha kwenye droo. Nilikuwa nimeanza kufikiri umenuna. Mjomba wako ni mzima. Amenikuzia herufi za simu, zimekuwa kubwa kama za bango, kwa hiyo sasa nasoma na kujibu ujumbe. Lakini mambo yetu usiniletee kwa simu. Simu ni ya wenye maduka.

Swali langu umeliruka. Mimi sijazeeka akili.

Sasa keti chini. Zamani nikitumwa kuchunguza watu nilikuwa na njia yangu. Nawauliza kitu ambacho najua hawana. "Nasikia mna shamba kule Kilolo?" Wanaosema hawana, nakaa nao. Wanaosema ndiyo, tena kubwa, nachukua kanga yangu naondoka. Basi nikawaandikia hao watatu. Nikasema mimi ni mama wa Mbeya, natafuta lenzi inaitwa Kalinga Namba Saba, inayopiga mpaka nyuma ya mlima. Nimeitunga mwenyewe nikiwa namenya viazi.

La kwanza walijibu kabla viazi havijaiva: "Ipo mama, imebaki moja, lipia leo tukupe punguzo." La pili waliniuliza nataka ya rangi gani. Nilicheka mpaka mjomba wako akatoka kwa kuku wake kuja kuniangalia.

Benjamini alinyamaza siku nzima. Kesho yake akaandika: "Shikamoo mama. Lenzi hiyo siifahamu na sidhani kama imewahi kutengenezwa. Kwani unataka kupiga picha ya nini?"

Vere, nilipoisoma nilisimama. Nikasahau kuwa ni duka. Nikamwandikia kama nilivyozoea, vyote kwa mpigo: kwenu wapi, ukoo gani, unasali wapi, shangazi yako anaitwa nani, umewahi kugombana na nani na mliishia vipi, nipe mtu wa Mbeya asiye ndugu yako atakayekusema.

Alijibu usiku: "Mama, nashukuru, lakini mimi nimeoa na nina watoto wawili. Kamera zipo."

Nilijifunika kanga usoni ingawa hakuna aliyeniona. Ikabidi nimweleze kuwa mchumba ni kamera. Alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Akanitajia mtu wa Uyole, anaitwa Sedekia, anapiga harusi. Akasema, "Huyo alinitukana mwaka jana. Muulize yeye."

Mtu akikupa jina la aliyemtukana, hapo kuna kitu. Jumamosi nakwenda Uyole. Wewe mwandikie Benjamini, umjibu lile swali lake: unataka kupiga nini.

Na swali langu bado liko mezani.

Shangazi yako

*

Idodi,
18 Mei 2025

Shangazi,

Kamwene. Tunavuna. Mikono yangu ina malengelenge, mama ameanza kwenda shambani bila fimbo.

Nimecheka habari za mchumba mpaka nimelia, halafu nikalia kweli. Naomba nijibu.

Ndiyo, niliwatumia. Siku tatu kabla ya kukuandikia barua ya kwanza nilituma nusu ya bei, waliniambia kuna mwingine anaitaka. Nilikuomba uende Iyunga si kwa ajili ya kuchunguza, ila nisikie kwako kuwa sikukosea. Nilipoisoma ile habari ya pumba nilikuwa nimesimama barabarani, nikakaa chini hapohapo. Yule wa Tukuyu na begi lake tupu, mimi ni mwenzake. Nimeripoti polisi, wameandika, basi. Namba yao haipatikani tena.

Sikutaka kukuambia kwa sababu nilijua utasema nini. Halafu nikagundua kuwa hujawahi kunisema hata mara moja, hata yale ya Edmund. Mimi ndiye niliyekuwa nasema.

Nilimwandikia Benjamini. Nilimwambia nataka kupiga tembo kwa mbali, ndege wakitua mtoni, na uso wa mgeni pale anapomwona simba mara ya kwanza. Nikamtajia kamera mpya niliyokuwa nayo kichwani na fedha iliyobaki. Nilitegemea anicheke. Akasema hiyo mpya siihitaji. Akasema kuna ya zamani, mtumba, imara, fedha yangu inaitosha, na kilichobaki niweke kwenye lenzi, kwa sababu tembo haulizi kamera ni ya mwaka gani. Shangazi, anataka kuniuzia cha bei ndogo kuliko nilichoomba. Nani anafanya hivyo?

Nimemwambia asubiri neno lako. Zimebaki wiki sita. Meneja ameshapiga simu Arusha, nimesikia kwa masikio yangu.

Vere

*

Ilomba,
2 Juni 2025

Vere mwanangu,

Kamwene, na pole. Pole ya kweli, ile ya kukushika mkono. Umenijibu kwa kalamu kama nilivyoomba, kwa hiyo na mimi nalipa kwa kalamu.

Kwanza Sedekia. Nilimkuta Uyole ameinama kwenye kompyuta. Nilipoandika jina la Benjamini alikunja uso, akaniandikia kurasa mbili, kalamu ikatoboa karatasi. Alinunua lenzi, ikafika na ukungu ndani. Akamtukana yeye na mama yake. Benjamini akamwambia airudishe. Ilichukua wiki tano, na Sedekia alipoteza harusi mbili. Lakini alipata nyingine, safi, na nauli ya kurudisha ile mbovu hakuilipa yeye. Nikamwuliza, je, umenunua kwake tena? Akanionesha kamera iliyo mezani. Nikagusa lenzi iliyokuwa kando yake, nikauliza, na hii? Akaandika, "Hii pia." Bado amekasirika, Vere. Amekasirika na bado ananunua. Ushahidi wa aina hiyo sijawahi kuupata hata kwa wakwe.

Sasa hili la pili, ambalo nimelikataa miaka miwili.

Kwa kina Edmund sikuanza kwa majirani. Nilifika nimechoka, miguu imevimba, wakanipokea vizuri mno. Walinichinjia, wakanitandikia kitanda cha mama mwenye nyumba. Kesho yake asubuhi kulikuwa na mwanamke upande wa pili wa barabara anafagia, akawa ananiangalia kama mtu mwenye neno. Nilimwona. Nilipaswa kuvuka. Kulikuwa na matope, na basi lilikuwa linapiga honi. Sikuvuka. Nilirudi nikasema ni watu wazuri.

Baadaye nilisikia yule alikuwa nani. Alikuwa mke wa kwanza wa Edmund. Mama yako anajua hilo, ndiyo maana hanisalimu, na haki anayo. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nimekubali kutembea na hilo mpaka kaburini, barua yako ikaja.

Kuhusu Benjamini, nimevuka barabara zote nilizoziona. Kwa macho yangu ni mtu wa kweli. Lakini neno la mwisho liwe la kwako, usilichukue kwangu. Nimekubaliana naye hivi: ulipe nauli ya mzigo tu. Akupigie video inayoonesha namba ya kamera. Atume kwa basi hadi Iringa. Ukafungulie hapohapo ofisini, uijaribu, halafu ndipo ulipe. Alikataa mara mbili, wauzaji hawapendi hivyo na ana haki. Mara ya tatu akasema, "Kwa sababu yako, mama, sawa." Ukienda, nenda na mtu. Lenzi uielekeze kwenye mwanga uchungulie ndani, Sedekia amesema ukungu unaonekana kama utando wa buibui.

Ndaga, yaani asante, kama wanavyosema huku.

Tekla

*

Kambini, njia ya Ruaha,
6 Julai 2025

Shangazi yangu,

Kamwene, kamwene, kamwene. Nakuandikia nikiwa kambini, ni adhuhuri, wageni wamelala na mimi nimekataa kulala. Nianze na habari za nyumbani kama ilivyo ada, ingawa kalamu inataka kukimbia. Mpunga tumeuhifadhi. Mmoja wa wale mapacha wa mbuzi tumempa mchungaji.

Kamera ilifika Iringa tarehe ishirini na tano Juni. Nilikwenda na mama. Pale ofisi ya mizigo karani alitupa kona ya meza, nikafungua boksi, Benjamini akiwa kwenye simu ya video ananitazama. Mama akanishikia kifuniko. Namba ni ileile. Mchubuko alioutaja upo palepale alipoutaja. Lenzi nikaielekeza dirishani nikachungulia muda mrefu, watu wa foleni wakaanza kuguna. Safi, shangazi. Safi kabisa.

Ila kinga ya jua ya lenzi haikuwemo. Nikamwambia. Akainuka, tukamwona anapekua rafu, akarudi nayo mkononi, uso umeiva kwa aibu. Akasema inakuja na basi la kesho. Na ilikuja na basi la kesho.

Nikampiga karani picha ya kwanza. Alikuwa anapiga mhuri kwenye gunia la viazi. Shangazi, unaona hata wino. Foleni yote ikaja kuangalia, yule aliyekuwa anaguna akaomba na yeye apigwe.

Kabla sijalipa, mama aliniuliza mbele ya watu, "Nani amekuambia huyu mtu anaaminika?" Nilijua anajua. Nikasema, "Shangazi Tekla. Alikwenda mpaka Uyole." Nikampa barua yako ya Juni, nilikuwa nayo kwenye begi. Aliisoma pale pale juu ya magunia, akaikunja, akairudisha. Akasema, "Lipa." Kwenye gari la kurudi, tulipokaribia nyumbani, akasema, "Mwandikie wifi yangu kuwa namsalimia. Goti likipona nitamwandikia mwenyewe." Sikumwuliza goti na kuandika vinahusiana vipi.

Tarehe moja saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa getini. Meneja aliitazama kamera, akasema ni ya zamani. Nikasema ndiyo, ni ya zamani. Jioni alipoona picha ukutani, tembo jike anamsukuma mtoto wake kwenye ukingo wa mto, hakurudia. Mtu wa Arusha ameambiwa asije.

Sasa kuna jambo moja zaidi, na kwa ajili yake moyo unanidunda kuliko siku ya boksi. Hapa kambini kuna fundi wa magari, jina lake Obeid, kwao ni Ilula; namfahamu tangu nilipokuja kuulizia kazi hii, na ameshafika nyumbani mara kadhaa. Amenieleza nia yake. Sijasema ndiyo wala hapana. Mama anamwona ni mtu mzuri. Mimi nampenda, nakuandikia bila kuficha, na ndiyo sababu macho yangu peke yake siyaamini.

Nimemwambia asubiri, kuna mtu lazima afike kwao kwanza, tena hatamwambia siku atakayofika. Akauliza ni nani. Nikamwambia.

Tiketi yako ya Mbeya hadi Ilula iko ndani ya bahasha hii.

Mwanao,
Vere